Thomas Abthorpe Cooper na kazi ya uigizaji katika Marekani changa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Thomas Abthorpe Cooper alikuwa nani?

Mwigizaji wa tanzia, mzaliwa wa Harrow, Uingereza. Alifika Marekani mwaka 1796 akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akaishi huko karibu maisha yake yote hadi alipofariki Aprili 1849. Kati ya mwaka 1800 na 1820 ni vigumu kumtaja mwigizaji aliyempita katika nchi ile: ukitaka Macbeth, Hamlet au Othello, ulimtaka Cooper. Alikuwa pia meneja wa Park Theatre, ukumbi mkuu wa New York.

Leo wengi humjua mwigizaji Edwin Forrest au ukoo wa waigizaji wa Booth, waliomfuata, na yeye amebaki tanbihi. Ukurasa huu unamhusu kwa sababu maisha yake yamepita kila mlango wa kazi hiyo: mkataba wa kigeni, mshahara wa wiki, umeneja, umaarufu, safari zisizokwisha, kisha watazamaji kupungua na mzee wa watu kutafuta ajira serikalini.

Aliingiaje katika kazi hiyo?

Baba yake alikuwa tabibu aliyekwenda Mashariki kuitumikia kampuni ya biashara ya Waingereza huko, akafia mbali na kuiacha familia bila kitu. Mtoto akachukuliwa na ndugu wa ukoo, William Godwin, yule yule mwanafalsafa aliyekuja kuwa baba wa Mary Shelley, mwandishi wa *Frankenstein*. Godwin alimsomesha nyumbani kwa ukali, na bila shaka alitarajia kumlea mwandishi. Kijana akasema anataka jukwaa. Godwin hakufurahi, ila hakumzuia, na rafiki yake Thomas Holcroft, aliyewahi kuwa mwigizaji kabla ya kuwa mtunzi, akamfundisha.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Alijiunga na kikundi cha Stephen Kemble kaskazini mwa Uingereza, akapewa nafasi ya Malcolm katika *Macbeth*. Malcolm ndiye anayefunga mchezo kwa hotuba fupi ya ushindi. Kijana akafika mwisho mwisho, maneno yakamtoka kichwani. Akasimama kimya mbele ya ukumbi mzima huku watu wakimzomea, pazia likashuka hivyo hivyo. Kemble akamfukuza.

Miaka michache baadaye, mwaka 1795, akapata nafasi katika ukumbi wa Covent Garden, London, na safari hii akacheza Hamlet mwenyewe. Alisifiwa. Lakini London ilikuwa na waigizaji wakubwa wake, John Philip Kemble, ndugu wa Stephen, akiwa mbele, na nafasi kubwa hazikuwa zinamngoja kijana.

Kwa nini akaenda Marekani?

Kwa sababu aliajiriwa. Thomas Wignell, aliyekuwa na hisa katika Chestnut Street Theatre ya Philadelphia, alivuka bahari mwaka 1796 kutafuta waigizaji. Hii ilikuwa desturi: kumbi za Marekani zilikuwa zinaota haraka kuliko waigizaji wa kuzijaza, hivyo mameneja walikwenda Uingereza kukusanya vijana waliokosa nafasi nyumbani. Katika meli moja na Cooper walikuwamo Anne Brunton Merry, mwigizaji aliyekwisha kupata jina London, na William Warren, aliyekuja kuwa meneja wa Philadelphia.

Philadelphia ilimwona Cooper akiwa Macbeth Desemba 1796. Kwa kijana ambaye miaka minne nyuma alishindwa kumaliza hotuba ya Malcolm katika mchezo huo huo, si haba.

Kabla yake kulikuwa na nini?

Si kingi. Kikundi cha kwanza kikubwa cha waigizaji wa kazi, cha familia ya Hallam, kilitoka London mwaka 1752 na kuanza Williamsburg, Virginia, tarehe 15 Septemba. Mchezo wa kufungua ulikuwa ule ambao Mwalimu Nyerere alikuja kututafsiria kwa jina la *Mabepari wa Venisi*. Kikundi kilikwenda kwa hisa: kila mwigizaji alikuwa na fungu lake, na mapato yakigawanywa, mwenye ukumbi na mavazi akichukua mafungu zaidi.

Makoloni ya kaskazini hayakuwataka. Massachusetts ilipiga marufuku maigizo mwaka 1750. Philadelphia ya Wakwekeri, Wakristo wa madhehebu yaliyochukia anasa, ililalamika kila kikundi kilipotia mguu. Oktoba 1774, vita vikikaribia, Bunge la makoloni likawasihi wananchi waache mbio za farasi, mapigano ya majogoo na maigizo. Waigizaji wengi wakahamia Jamaika. Pennsylvania ilifuta marufuku yake mwaka 1789, Boston ikapata ukumbi wake wa Federal Street mwaka 1794. Kwa hiyo Cooper aliposhuka melini, kazi yake ilikuwa halali katika miji mikubwa kwa miaka michache tu.

Mwigizaji alilipwaje?

Kwa wiki, na kwa wiki ambazo ukumbi umefunguliwa tu. Msimu ukifungwa, mshahara unafungwa nao. Homa ikiingia mjini, mshahara hakuna. Rais wa zamani akifariki na mji ukaomboleza, mshahara hakuna.

Ndiyo maana jambo lililoangaliwa sana katika mkataba lilikuwa usiku mmoja mwishoni mwa msimu ambao mapato yake yalikuwa ya mwigizaji mwenyewe, baada ya kutoa gharama za ukumbi: mishumaa, wanamuziki, mafundi, matangazo. Mwigizaji alichagua mchezo, akachapisha tangazo lenye jina lake kwa herufi kubwa, akazunguka mjini kuuza tiketi mkono kwa mkono kwa wafanyabiashara na wenye vyeo. Ukumbi ukijaa, anaweza kupata usiku huo mara kadhaa ya mshahara wa mwezi. Ukikosa kujaa, gharama za ukumbi zinamwangukia yeye, na kuna waliomaliza usiku wao wakiwa na deni.

Usiku huo uliwafanya watu wazima wafanye vituko. Wanaimba wasiojua kuimba. Mwigizaji wa tanzia anacheza ngoma ya mabaharia. Mtoto wa miaka sita anakariri shairi. Inasimuliwa kwamba Cooper, kijana bado Philadelphia na tiketi zake haziendi, aligundua kuna tembo anayeonyeshwa mjini kwa kiingilio. Tembo alikuwa kitu kigeni kabisa Marekani. Wa kwanza alikuwa ameletwa kutoka Bengal mwaka 1796 tu. Cooper akamkodi, akachagua mchezo wa Aleksanda Mkuu, akatangaza kwamba mnyama atapanda jukwaani. Ukumbi ukajaa. Mwigizaji mkubwa wa Shakespeare nchini, na kilichomjazia viti ni tembo wa kukodi! Mimi sioni aibu yoyote hapo. Aliijua biashara yake.

Je, waigizaji waliweza kuishi kwa kazi hiyo peke yake?

Wachache. James Fennell, mwenzake Cooper katika tanzia na mtu mwenye kipaji cha kweli, alizitumbukiza pesa zake katika viwanda vya kutengeneza chumvi kutoka maji ya bahari. Mradi ukamfilisi, akaanza upya, ukamfilisi tena, na mara kadhaa akafungwa kwa madeni. Wengine walifundisha usemaji, wengine walifungua baa karibu na ukumbi.

Siku ya kazi ilikuwaje?

Hapa ndipo msomaji wa leo anapopaswa kusahau alichozoea. Hakukuwa na mchezo mmoja unaoonyeshwa miezi mitatu mfululizo. Jumatatu *Macbeth*, Jumatano mchezo wa mapenzi kutoka Ujerumani, Ijumaa *Othello*, na kila usiku baada ya mchezo mkuu kulikuwa na kichekesho kifupi au mchezo wa nyimbo, mara nyingi na waigizaji wale wale wakiwa wamebadili nguo tu. Mwigizaji wa kawaida alibeba nafasi nyingi sana kichwani, na angeweza kuambiwa leo kwamba kesho kutwa anacheza mtu mwingine kabisa.

Mwigizaji hakupewa mchezo wote. Alipewa karatasi zilizoandikwa kwa mkono zenye maneno yake peke yake, na kabla ya kila kauli maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzake, ili ajue aingie wapi. Kuna waliocheza michezo kwa miaka bila kuisoma yote. Mazoezi yalifanyika asubuhi, mara moja au mbili, zaidi kwa ajili ya kujua nani anaingilia mlango gani. Pembeni ya jukwaa alikaa mtu mwenye kitabu kizima, kazi yake kuwanong'oneza waliosahau. Huyo alikuwa mtu wa lazima kama mishumaa.

Kila mwigizaji alikuwa na aina yake ya nafasi, na aina hiyo ilikuwa kama shamba lake. Mmoja ni shujaa wa tanzia, mwingine baba mzee, mwingine mchekeshaji, mwanamke huyu ni mpenzi kijana na yule ni bibi mkali. Nafasi uliyokwisha kuicheza ni mali yako. Meneja akimpa mtu mwingine, umetukanwa mbele ya mji. Magomvi ya Cooper na John Hodgkinson, mwigizaji mwenzake aliyetaka kucheza kila kitu kuanzia wafalme hadi walevi, yalitokana na hayo. Na kwa kuwa nafasi ni mali, walikuwapo wanaume wa miaka hamsini wanaocheza Romeo, na hakuna aliyethubutu kuwaambia.

Mavazi nayo? Ukumbi ulikuwa na stoo yake, lakini mwigizaji alitarajiwa kuwa na vitu vyake: viatu, manyoya, panga, nywele za bandia. Mwanamke alinunua magauni yake kwa mshahara ule ule mdogo.

Ni kweli Cooper hakujifunza maneno yake?

Lawama hiyo ilimfuata. Tukio linalojulikana zaidi ni la tarehe 30 Machi 1798, katika Park Theatre iliyokuwa imefunguliwa miezi miwili tu. Mchezo ulikuwa *André* wa William Dunlap, meneja mwenyewe, kuhusu afisa wa Kiingereza aliyenyongwa kwa ujasusi wakati wa vita vya uhuru. Cooper alicheza Bland, askari kijana wa Marekani anayemwombea André maisha. Inasimuliwa kwamba katikati ya majonzi maneno yalimpotea, akalirudia rudia jina la rafiki yake huku akivuta muda, kisha akamlaani mnong'onezaji kwa sauti.

Lililowaudhi watazamaji zaidi halikuwa hilo. Bland, George Washington akiwa amemkatalia ombi lake, anang'oa alama ya jeshi la Marekani kwenye kofia yake na kuitupa chini. Ukumbi ukazomea. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kumi na mitano nyuma, na maveterani walikuwamo vitini. Dunlap akaubadili mchezo haraka: katika maonyesho yaliyofuata Bland anarudishiwa alama yake na kujuta. Lakini mchezo haukudumu.

Kwa upande wake, Cooper alipoijua nafasi vizuri alikuwa hana mfano. Alikuwa mrefu, mwenye uso mzuri, na sauti iliyofika hadi viti vya mwisho bila kupiga kelele. Mtindo wake ulikuwa wa shule ya John Philip Kemble: mwili ulionyooka, hatua za kupimwa, kila mstari wa shairi na uzito wake.

Watazamaji walikuwaje?

Wenye kelele. Bei ya New York na Philadelphia kwa miaka mingi ilikuwa dola moja kwa vyumba vya pembeni, senti 75 kwa viti vya chini mbele ya jukwaa, na senti 50 juu kabisa ghorofani. Taa hazikuzimwa, kwa hiyo kila mtu alimwona kila mtu, na wengi walikuja kwa ajili hiyo. Washington Irving, kijana wa miaka kumi na tisa, aliandika barua za kuchekesha magazetini mwaka 1802 kuhusu ukumbi huo: ghorofani wanatupa matofaa, njugu na mikate ya tangawizi juu ya vichwa vya waliokaa chini, na nta ya mishumaa ya taa kuu inawadondokea nguoni.

Watu waliagiza nyimbo wanamuziki wapige. Waliomwona mwigizaji amewakosea heshima walimdai aje mbele aombe radhi, na asipokuja, viti vilivunjwa. Edmund Kean, nyota wa London, alikataa kucheza Boston mwaka 1821 alipoona ukumbi haujajaa. Alipothubutu kurudi mwaka 1825 walikuwa bado wanakumbuka, wakauvamia ukumbi.

Kwa nini Cooper akawa meneja?

Kwa sababu Dunlap alifilisika mwaka 1805 na Park Theatre ikahitaji mtu. Cooper alikuwa ametoka kujaribu bahati tena London, katika ukumbi wa Drury Lane, bila mafanikio makubwa, akarejea Marekani mwishoni mwa 1804. Mwaka 1806 akaukodi ukumbi. Kinadharia ni hesabu nzuri: mwigizaji anayejaza viti ndiye mwenye viti. Kwa vitendo, Cooper hakuwa na subira ya daftari. Alipenda kamari, alipenda meza nzuri, na alitaka kucheza Philadelphia nusu ya wiki.

Mwaka 1808 akaingia Stephen Price, mwanasheria wa New York asiyejali sana Shakespeare ila aliyejua hesabu. Price akanunua sehemu ya biashara, na polepole sehemu hiyo ikawa ndiyo biashara.

Cooper alimletaje George Frederick Cooke, na kwa nini jambo hilo ni kubwa?

Mwaka 1810 Cooper alikwenda Uingereza kutafuta waigizaji, kama Wignell alivyokuja kumchukua yeye. Huko Liverpool akamkuta Cooke, mmoja wa waigizaji wawili watatu wakubwa kabisa wa London, na mlevi ambaye Uingereza nzima ilijua habari zake. Cooper akamsainisha miezi kumi kwa gini 25 (fedha ya Kiingereza) kwa wiki. Uvumi ulienea kwamba Cooke alipakiwa melini akiwa hajui anakwenda wapi. Uvumi wa namna hiyo ulimfuata mtu huyo kila mahali.

Haikuwa imewahi kutokea mwigizaji wa ukubwa huo kuja Marekani akiwa bado ana jina. Tarehe 21 Novemba 1810 alicheza Richard wa Tatu katika Park Theatre, na umati uliotaka kuingia ulizidi milango. Kisha Boston, kisha Philadelphia, kote hivyo hivyo. Cooke alikuwa na mshahara wake wa gini 25. Faida iliyobaki ilikuwa ya mameneja, na ilikuwa kubwa mno. Hakurudi kwao. Alifariki New York Septemba 1812 na akazikwa katika uwanja wa kanisa la St. Paul, ambako Kean alimjengea kaburi la mawe mwaka 1821.

Sasa fikiria Price alijifunza nini. Badala ya kulea kikundi cha waigizaji thelathini wazuri mwaka mzima, mlete mtu mmoja kutoka London kwa wiki mbili, panga wengine wawe nyuma yake, ongeza matangazo. Mtu huyo akiondoka, mlete mwingine. Baada ya vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza ndivyo ilivyokuwa: wakaja nyota wa Kiingereza, Kean mwaka 1820, Junius Brutus Booth mwaka 1821, William Macready mwaka 1826. Waigizaji wa kudumu wa kumbi wakageuka wasindikizaji. Watazamaji wakaacha kuja katika wiki zisizo na nyota, na mameneja wadogo wakafilisika kwa kulipa nyota ambao hawakuweza kuishi bila wao.

Mimi humwona Cooper kuwa ndiye aliyeufungua mlango huo, mara mbili: kwa kumleta Cooke, na kwa mfano wake mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameanza kuishi kama nyota wa kusafiri kabla ya yeyote.

Alisafiri kiasi gani?

Kuliko mwigizaji yeyote wa wakati wake. Kwa misimu kadhaa alicheza New York na Philadelphia kwa zamu ndani ya wiki moja, umbali wa zaidi ya kilomita 140, kwa farasi na gari lake, barabara za matope na mito ya kuvuka kwa pantoni. Alipoachana na umeneja, miaka michache baada ya ujio wa Cooke, barabara ikawa ndiyo makazi yake. Boston, Baltimore, Charleston, Richmond. Mwaka 1821 akafika New Orleans kwa meneja James Caldwell. Wapo Wamarekani wengi wa miji midogo ambao mchezo wa kwanza wa Shakespeare waliouona ulikuwa wa Cooper, akiwa na waigizaji wa hapo aliokutana nao asubuhi ile.

Nyumba aliijenga Bristol, Pennsylvania, kando ya mto Delaware, kati ya miji yake miwili. Mke wake wa pili, Mary Fairlie, aliyemwoa mwaka 1812, alitoka katika familia ya heshima ya New York na alijulikana kwa ulimi mwepesi. Msichana wa namna hiyo kuolewa na mwigizaji lilikuwa jambo la kuzungumzwa.

Kazi hii ilikuwa na hatari gani?

Homa ya manjano na moto, kwa mpangilio huo hadi mwaka 1811.

Homa ilifunga kumbi za Philadelphia na New York majira ya joto mara kwa mara miaka ya 1790. Hodgkinson alifariki kwa homa hiyo mwaka 1805. Wignell, aliyewaleta wote, alikufa mwaka 1803 kwa namna ya kipuuzi zaidi: alitobolewa mshipa ili atolewe damu, tiba ya kawaida ya siku zile, kidonda kikaoza. Alikuwa ameoana na Anne Merry wiki saba tu.

Moto ni habari nyingine. Tarehe 26 Desemba 1811, ukumbi wa Richmond ukiwa umejaa watu wa sikukuu, taa ya mishumaa ilipandishwa juu kwenye mapazia ya mandhari ikiwa bado inawaka. Watu 72 walikufa, gavana wa Virginia, George William Smith, akiwa mmoja wao. Wahubiri walisema ni adhabu. Wiki tatu kabla, katika mji huo huo, alikuwa amefariki mwigizaji wa miaka 24, Elizabeth Poe, akiacha watoto wadogo. Mmoja wao alikuwa Edgar Allan Poe. Chestnut Street iliungua Aprili 1820, Park ikaungua Mei mwaka huo huo. Mwigizaji alipoteza pia stoo ya mavazi, vitabu vya michezo na karatasi zake.

Waigizaji weusi walikuwa na nafasi?

Katika kumbi hizi, hapana. Waliruhusiwa kununua tiketi na kukaa ghorofani katika sehemu yao iliyotengwa. Walimtazama Cooper akiwa Macbeth na Othello kutoka huko.

Mwaka 1821 William Alexander Brown, mtu mweusi aliyewahi kufanya kazi katika meli, alianzisha kikundi cha waigizaji weusi New York. James Hewlett alicheza Richard wa Tatu. Walipothubutu kukodi ukumbi jirani kabisa na Park Theatre, mapema mwaka 1822, polisi waliingia katikati ya mchezo na kuwakamata waigizaji. Mshindani aliyekuwa na sababu ya kuwataka waondoke alikuwa Stephen Price, mshirika wa zamani wa Cooper. Kijana mmoja wa New York, Ira Aldridge, alisoma alama za nyakati, akavuka bahari. Mwaka 1825 alikuwa jukwaani London, na alikuja kutunukiwa nishani katika majumba ya wafalme wa Ulaya. Cooper alivuka kutoka mashariki kwenda magharibi kutafuta nafasi. Aldridge alilazimika kuvuka kinyume chake.

Kwa nini Cooper alishuka?

Umri, kwanza. Kean alipofika na mtindo wa moto, wa kuruka kutoka mnong'ono hadi ukelele, Cooper alikuwa amevuka miaka arobaini, na heshima ya shule ya Kemble ilianza kuonekana ubaridi. Pili, Wamarekani walikuwa wamepata mtoto wao wa nyumbani. Edwin Forrest, kijana wa Philadelphia, alipanda jukwaani mwaka 1820 akiwa na miaka 14. Inasimuliwa kwamba alimwendea Cooper kuomba ushauri, Cooper akamwambia aanze na nafasi ndogo apande ngazi moja moja, na kijana akaondoka amekasirika. Forrest hakuhitaji ngazi. Kufikia mwaka 1826 alikuwa anajaza kumbi za New York.

Mwaka 1827 Cooper alijaribu London mara ya tatu, Drury Lane, ambayo sasa ilikuwa chini ya Stephen Price. Alicheza Macbeth. Walimwona Mmarekani, wakampokea vibaya. Marekani nako kulikuwa na walioanza kumwita Mwingereza.

Binti yake aliishije Ikulu?

Mary Fairlie alifariki mwaka 1833 akaacha watoto wengi na mume asiye na akiba. Mwaka 1834 Cooper akampandisha jukwaani binti yao mkubwa, Elizabeth Priscilla, wa miaka 17, katika ukumbi wa Bowery. Mchezo ulikuwa *Virginius*, wa baba Mroma anayemuua binti yake ili kumwokoa na aibu, baba na binti wakicheza baba na binti. Watu walikuja kuwaona kwa huruma, na Cooper bila shaka alilijua hilo alipouchagua.

Kwa miaka kadhaa walisafiri pamoja, wakati mwingine kwa mapato ya kusikitisha. Huko Richmond kijana Robert Tyler alimwona Priscilla akicheza Desdemona, akampenda. Walioana Bristol Septemba 1839. Baba wa Robert alikuwa John Tyler, ambaye Aprili 1841 alirithi urais ghafla baada ya kifo cha William Henry Harrison. Mke wa Tyler alikuwa amepooza. Basi aliyewapokea mabalozi na mawaziri katika Ikulu ya Marekani hadi mwaka 1844 alikuwa Priscilla Cooper Tyler, binti wa jukwaa, katika nchi ambayo wazazi wengi bado hawakumtaka mwigizaji sebuleni.

Na baba yake?

Alipewa kazi. Kwanza mtunza stoo katika ghala la silaha la Frankford, Philadelphia, kisha nafasi katika forodha ya New York. Mshahara wa kila mwezi, msimu wa joto na wa baridi, ukumbi umefunguliwa au umefungwa: kitu ambacho hakuwahi kukipata katika miaka arobaini jukwaani. Waliosema ni upendeleo wa ukwe walisema kweli, na ndivyo vyeo vya namna hiyo vilivyogawiwa wakati ule.

Je, alihusika na ghasia za Astor Place?

Hapana. Swali hili huulizwa kwa sababu ya mwaka. Cooper alifariki Bristol tarehe 21 Aprili 1849. Ghasia zilitokea New York tarehe 10 Mei, wafuasi wa Forrest walipokwenda kumzuia Macready asicheze *Macbeth*, na wanajeshi wakafyatua risasi kwenye umati. Zaidi ya watu ishirini waliuawa. Park Theatre yake haikuwapo tena. Iliungua kwa mara ya mwisho Desemba 1848, na safari hii hakuna aliyeijenga upya.